Uliza Maabara: Mwanga unaosoma damu yako, na vidonge vya nywele vinavyoudanganya

Mwezi huu mmeniuliza sana kuhusu ile mashine ya maabara inayopima damu kwa mwanga, wengine mmeona herufi ECL (kifupi cha Kiingereza electrochemiluminescence, yaani mwanga wa kemikali unaowashwa kwa umeme) kwenye karatasi ya majibu mkashtuka, wengine mmeambiwa mrudie kipimo na hamkuelezwa sababu. Nimechagua maswali sita na majina nimeyatoa. Lile la dada wa Tabata nimelijibu kwa kirefu kuliko yote, naona linawahusu watu wengi na wenyewe hawajui kama linawahusu.

SWALI: Shikamoo. Kwenye majibu ya kipimo cha tezi ya mama yangu wameandika njia iliyotumika ni ECL. Nilipouliza pale maabara wakasema tu "inapima kwa mwanga". Sasa damu inatoaje mwanga? Na huo mwanga hauna mionzi kweli? (Mwanafunzi, Morogoro)

JIBU: Marahaba mwanangu, ila mimi si daktari, ni mtu wa maabara, majibu ya mama atayasoma daktari wake. Damu yenyewe haitoi mwanga hata chembe. Kinachowaka ni alama tunayoibandika sisi kwenye kile tunachokitafuta, na alama yenyewe ina madini yanaitwa rutheni.

Iko hivi. Tuseme tunatafuta TSH, ile homoni inayotoka kichwani kwenda kuiamrisha tezi ya shingo ifanye kazi. Tunachukua seramu ya mama, yaani maji ya damu yaliyotenganishwa na chembe zake, kama tone moja tu, inachanganywa na kingamwili za aina mbili zilizotengenezwa maalum kuitambua TSH. Moja imefungiwa bayotini, ambayo ni vitamini, nyingine imefungiwa rutheni. Zote mbili zinaidaka TSH, huyu kaishika mkono wa kulia huyu wa kushoto, yenyewe iko katikati haina pa kwenda. Alafu zinaongezwa chembe ndogo sana za sumaku, upana wa kila moja kama mikroni 2.8, zimepakwa protini inaitwa streptavidini, na hii streptavidini ikikutana na bayotini inaing'ang'ania, ni moja ya mishiko imara kabisa inayojulikana kati ya molekuli za viumbe. Kwaiyo sasa una mnyororo: sumaku, bayotini, kingamwili, TSH, kingamwili nyingine, rutheni. Mashine inavuta huo mchanganyiko mpaka kwenye kichumba chenye elektrodi ya platini, yaani kile kipande cha chuma kinachopitisha umeme, sumaku inasogea kwa chini inazilaza zile chembe juu ya elektrodi, na kila ambacho hakikushikwa kinaoshwa kinaenda na maji.

Hapo ndo umeme unawashwa, volti moja na ushee, hata betri ya rimoti inazidi. Rutheni inanyang'anywa elektroni. Kwenye maji yale kuna kemikali nyingine, tripropilamini, nayo inanyang'anywa ya kwake, inavurugika, na katika kuvurugika kwake inairudishia rutheni elektroni kwa nguvu kubwa kiasi kwamba rutheni inabaki na nishati ya ziada, na ili itulie lazima iiteme, inaitema kama mwanga wa chungwa iliyoelekea nyekundu, urefu wa mawimbi nanomita 620 hivi. Ikishatema imerudi ilivyokuwa mwanzo, inaanza tena, alama moja inawaka mara nyingi. Juu yake kuna kihisi kinachohesabu ule mwanga, mwanga mwingi maana yake TSH nyingi. Toka sampuli iingie mpaka namba itoke ni dakika 18 kwa vipimo vingi vya aina hii.

Kimulimuli naye anawaka kwa kemia, ila kemia yake haingoji umeme, hii yetu inangoja swichi. Na hapo ndo uzuri wake ulipo, kabla hujawasha ni giza totoro, hakuna taa yoyote inayomulika sampuli, kwaiyo hata mwanga kidogo sana unaonekana. Tochi ndogo ng'ambo ya mto utaiona usiku usio na mwezi, mchana hutaiona hata ukodoe macho.

Kuhusu mionzi, hakuna kabisa. Ila umeuliza kitu chenye historia. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kule New York, Rosalyn Yalow na Solomon Berson ndo walioonyesha kwamba homoni iliyo kidogo sana kwenye damu inaweza kupimwa kwa kingamwili, na alama yao ilikuwa iodini ya mionzi kweli, maabara zilifanya hivyo miaka mingi. Yalow alipewa Nobeli 1977, Berson alikuwa ameshafariki. Njia ya mwanga ilianza kuchunguzwa katikati ya miaka ya 1960, na 1972 Nurhan Tokel na Allen Bard kule Texas wakaonyesha rutheni inawaka kwa umeme. Leo rutheni ndo imekaa kwenye kiti alichokaa iodini ya mionzi, na mimi binafsi nashukuru kwa ajili ya wenzangu wanaoshika hizo chupa kila siku.

SWALI: Mambo. Nina miaka 29, nilijifungua miezi saba iliyopita, nywele zikaanza kukatika vibaya, nikanunua mtandaoni vidonge vya nywele na kucha, vimeandikwa 10,000. Nikawa nachoka nikaenda kupima, TSH imetoka 0.02 na FT4 imetoka 41. Nikaambiwa tezi inafanya kazi kupita kiasi nikaandikiwa dawa ya kuishusha. Ila nikisoma dalili zake sizioni, sitetemeki, moyo hauendi mbio, na uzito umeongezeka badala ya kupungua. Dawa sijaanza kumeza, naogopa. Rafiki kasema nikuulize kuhusu hivyo vidonge. (Dada, Tabata)

JIBU: Poa dada yangu, na umefanya vizuri kuvitaja hivyo vidonge, maana dirishani kwetu mara nyingi hakuna anayeuliza.

Ile 10,000 ni mikrogramu za bayotini, yaani miligramu 10. Mtu mzima anahitaji kama mikrogramu 30 kwa siku, na chakula cha kawaida kinamtosheleza, mayai yaliyopikwa, maini, karanga. Kidonge chako kimoja ni zaidi ya mara 300 ya hapo. Mwilini haikudhuru, nyingi inatoka na mkojo. Ila rudi kasome nilichomwambia mwanafunzi wa Morogoro: ule mnyororo wetu wote umening'inia kwenye bayotini kushikana na streptavidini. Sasa damu yako imekuja maabara imejaa bayotini iliyo huru, inawahi viti vyote kwenye zile chembe za sumaku, mnyororo wenye TSH yako ukifika unakuta pamejaa, unaoshwa unaondoka na rutheni yake. TSH ilikuwepo, ilidakwa vizuri, lakini ilimwagwa. Mashine inaona giza, inaandika 0.02.

Mpaka hapo mtu mwenye uzoefu angeweza kushtuka. Kinachofanya jambo hili liwe baya ni FT4. FT4, homoni inayotengenezwa na tezi yenyewe, ni molekuli ndogo mno, kingamwili mbili haziwezi kuishika kwa pamoja, kwaiyo inapimwa kwa kugombania: kingamwili yenye rutheni inapewa homoni yako kwanza, nafasi zilizobaki zinajazwa na homoni ya maabara iliyofungiwa bayotini, na ni hizo zilizobaki tu ndo zinazoshikwa na sumaku. Homoni yako ikiwa nyingi nafasi zinabaki chache, mwanga unakuwa mdogo. Umeona? Kwenye kipimo hiki mwanga mdogo maana yake homoni NYINGI. Bayotini yako imezuia mwanga kwenye vipimo vyote viwili, kwenye TSH upungufu huo ukasomeka "iko chini", kwenye FT4 upungufu ule ule ukasomeka "iko juu". TSH chini FT4 juu ni picha kamili ya tezi iliyozidi, ile ile iliyoko kwenye vitabu, na daktari aliyeisoma hakufanya uzembe, karatasi ilimwambia hivyo. Hata kipimo cha kingamwili zinazoichokoza tezi, ambacho wengi wanakifanya kuthibitisha, kwenye mashine za aina hii nacho kinaweza kudanganywa kuelekea upande huo huo.

Niliwahi kufanya kazi kwenye maabara moja, siitaji, ambako binti mmoja alirudi mara tatu na majibu ya namna hii na tayari alikuwa kwenye dawa miezi kadhaa, amevimba uso, anasikia baridi Dar es Salaam mwezi wa pili, yaani dawa zilikuwa zimeishusha tezi iliyokuwa nzima. Mara ya tatu ndo mwenzetu mmoja aliona kikopo cha vidonge kwenye mkoba wake. Sisi tulikuwa tumemuuliza kila mara kama amekula, basi. Toka siku ile namuuliza kila mtu anameza nini, na namaanisha kila kitu, cha hospitali, cha dukani, cha mtandaoni, cha kwenye uji wa lishe.

Na si tezi peke yake. Novemba 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kwa nchi nzima kuhusu bayotini na vipimo vya maabara, na ndani yake walieleza kuna mgonjwa alifariki baada ya kipimo cha troponini, kile cha mshtuko wa moyo, kusoma chini kuliko ukweli kwa mtu aliyekuwa anameza bayotini nyingi. Baada ya hapo watengenezaji wamebadilisha vipimo vingi vivumilie bayotini kubwa zaidi, ila matoleo yanatofautiana, maabara yako ndo inayojua toleo lipi liko kwenye friji lao.

Sasa wewe fanya hivi. Usianze dawa kabla hujarudi kwa aliyekuandikia, mpelekee kikopo chenyewe akione. Acha hivyo vidonge, siku 2 kamili angalau, ndo muda ambao chama cha wataalamu wa tezi cha Marekani kinashauri, alafu urudie TSH na FT4. Ukiweza uliza kama kuna maabara yenye njia isiyotumia bayotini na streptavidini, majibu ya njia mbili yakilingana tunalala usingizi. Soma na lebo za vitu vingine unavyotumia, bayotini inaandikwa pia vitamini B7 au vitamini H. Na dada, usijiaminishe kwamba tayari wewe ni mzima, miezi ya mwanzo baada ya kujifungua kuna wanawake ambao tezi yao inavimba kweli, inapanda kwa muda alafu inashuka, na uchovu na kukatika nywele vinaweza kutoka hapo hapo. Ndo maana nasisitiza urudie kipimo, sikwambii ukipuuze. Nitumie ujumbe majibu yakitoka.

SWALI: Salaam aleikum. Mimi naishi Muscat, kwetu Unguja. Nilipima PSA huku ikawa 3.1, nikaja likizo nyumbani nikapima ikawa 4.4, ndani ya wiki tatu. Je tezi dume imekua haraka hivyo? (Mzee wa miaka 61)

JIBU: Waaleikum salaam, na shikamoo mzee wangu. Kwa wiki tatu tu siwezi kusema imekua, cha kwanza kuangalia ni mashine. Kila kampuni ina kingamwili zake, hii inaishika PSA (protini inayotoka kwenye tezi dume) hapa ile inaishika pale, PSA kwenye damu ina sura mbili, iliyo huru na iliyofungwa na protini nyingine, na mashine haziziokoti kwa uwiano ule ule. Kwaiyo 3.1 ya mashine hii na 4.4 ya mashine ile zinaweza kuwa damu ile ile. Pia PSA inapandishwa na maambukizi ya mkojo, kukaa sana kwenye baiskeli, na tendo la ndoa ndani ya siku mbili kabla ya kipimo. Chagua maabara moja, ya Muscat au ya Unguja, ifuate hiyo hiyo, na uangalie namba inavyokwenda kwa miezi. Ila karatasi zote mbili zipeleke kwa daktari wa mkojo, kwa umri wako 4.4 haiachwi bila kuangaliwa.

SWALI: Mume wangu alishikwa na maumivu ya kifua usiku, tukamkimbiza hospitali hapa Mombasa. Walimtoa damu, majibu yakaja wakasema yako sawa, lakini wakamtoa tena baada ya masaa. Nilikasirika nikaona wanatafuta pesa. Kulikuwa na haja? (Mama, Kisauni)

JIBU: Pole sana mama kwa usiku ule. Haja ilikuwepo, na ningekuwa mimi ningeogopa zaidi kama wasingerudia. Troponini iko ndani ya misuli ya moyo, misuli ikiumia ndo inavuja kwenda kwenye damu, lakini haivuji yote dakika ile ile, inapanda kwa masaa. Mtu akiwahi kufika, kipimo cha kwanza kinaweza kuwa cha kawaida kabisa na moyo unaumia. Cha pili, kinachorudiwa baada ya saa 1 mpaka 3 kwa vipimo vipya, kinaonyesha kama namba inapanda.

Na hapa mama nikuonyeshe kwanini tunahitaji ule mwanga. Kwa kipimo kimoja kinachotumika sana cha troponini T, mpaka wa kawaida ni nanogramu 14 kwa lita. Chukua gramu moja ya sukari uigawe vipande bilioni, chukua 14 kati ya hivyo, koroga kwenye lita nzima ya damu, hiyo ndo tunaitafuta. Ukilinganisha kwa idadi ya molekuli, sukari ya kawaida kwenye damu ya mtu ni zaidi ya mara bilioni 10 ya hiyo. Kile kimashine cha sukari cha nyumbani kinasoma mkondo wa umeme tu na kinatosha, kwenye troponini mkondo wa kawaida ungepotea kwenye makelele.

Kuna kingine wengi hawaambiwi, wakati mwingine tunarudia kutoa damu kwa sababu ya kwanza ilipasuka chembe nyekundu, labda sindano ilikuwa nyembamba au kichupa kilitikiswa, na hiyo rangi nyekundu inaweza kuishusha namba ya troponini T. Wangekueleza tu, ungekubali.

SWALI: Mimi ni nesi kwenye kituo cha afya huku Kigoma vijijini. Kila tukitaka vipimo vya homoni au troponini tunampa mgonjwa rufaa, wengine hawaendi kabisa. Kwanini hiyo mashine isiwe ndogo kama ya sukari? (Nesi)

JIBU: Dada nesi, swali lako ndo linaloniuma kuliko yote humu. Mashine yenyewe inataka umeme usiokatika, maji yaliyosafishwa, vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vinavyokaa kati ya nyuzi 2 na 8 bila kukosa, fundi anayeweza kufika, na sampuli nyingi kwa siku, la sivyo vitendanishi vinaharibika kabla havijatumika. Kituo kinachoona wagonjwa kumi wa namna hiyo kwa mwezi hakiwezi kuilisha.

Lakini ukiangalia kemia yenyewe, haihitaji ukubwa. Volti moja na ushee inatoka kwenye betri, elektrodi inaweza kuchapwa kwa wino wa kaboni kwenye kipande cha plastiki kama vile vya sukari, na taa haihitajiki. 2011 watafiti wa Australia, Jacqui Delaney, Conor Hogan na wenzao, walichapa vijinjia vya maji kwenye karatasi kwa printa ya wino, wakaweka elektrodi, na mwanga wa rutheni wakausoma kwa kamera ya simu ya mkononi. Kule Connecticut Marekani, timu ya James Rusling ilichapa kwa printa ya 3D kifaa kidogo cha kupima viashiria vya saratani ya tezi dume kwa mwanga huu huu. Kwaiyo inawezekana, imeshafanyika kwenye meza ya utafiti.

Kazi iliyobaki ni ile ya huko kwako. Damu ya kidoleni ina chembe nyekundu, inabidi zichujwe ndani ya kipande chenyewe maana wewe huna muda wa kuzungusha vichupa. Kuna kuosha, ile hatua ambayo mashine kubwa inaifanya kwa pampu, bila kuosha rutheni isiyoshika kitu inawaka nayo na namba inadanganya. Kingamwili zinatakiwa zikaushwe ziishi miezi kwenye joto la Kigoma bila friji. Na kamera za simu hazifanani, simu yako na ya mwenzako zitasoma mwanga ule ule namba tofauti, mpaka kuwe na kipimo cha kulinganishia ndani ya kila kipande. Mimi nikiwa na sauti kwa wanaotafiti ningewaambia waanze na joto na kuosha, wamalizie na programu nzuri ya simu, maana naona wengi wanaanza na simu. Kwa sasa, mgonjwa wa kifua usimngojeshe kwa ajili ya troponini, ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, ikiwepo piga, msafirishe.

SWALI: Nina kipimo cha tezi kesho asubuhi, je nifunge kula? Na dawa yangu ya tezi nimeze kabla? (Kaka, Arusha)

JIBU: Kwa TSH na FT4 huna haja ya kufunga kaka, kunywa chai yako. Ila kama unameza levothairoksini, toa damu kwanza alafu ndo umeze kidonge cha siku hiyo, kibebe mfukoni, maana kikimezwa FT4 inapanda kwa masaa machache na itaonekana dozi ni kubwa kumbe sivyo. Na kama nyumbani mnatumia vile vidonge vya nywele viache kwanza, uahirishe kipimo mpaka siku 2 kamili zipite, hata kama vimenunuliwa na shemeji akakugawia.